Bei ya Khiyari na Rehani ya Shamba: Nani Mwenye Haki, na Vipi Shamba Linakombolewa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baada.

Ndugu zetu katika imani, masuala ya mashamba yaliyowekwa rehani hayaishi kutufikia. Mara huulizwa na mtoto aliyekuta karatasi ya marehemu baba yake ndani ya sanduku, mara na mjane anayeambiwa shamba la mumewe "liliuzwa zamani", mara na mtu aliyetoa fedha zake kwa niya njema na sasa anaitwa dhalimu. Kwa kuwa masuala haya yanafanana, tumeona tuyaandikie makala moja ambayo familia inaweza kuiweka na kuirejea pale jambo litakapotokea. Tutaeleza kwanza bei ya khiyari ni nini, kisha wanavyuoni wamesema nini, kisha masuala yanayogombaniwa sana, na mwisho njia salama ya kuandikiana.

Makusudio yetu ni kuthibitisha jambo moja. Ikiwa fedha zimetolewa ili zirejeshwe, na shamba limetolewa ili lirudi, basi hiyo ni rehani, hata kama karatasi imeandikwa neno "nimemuuzia". Rehani haigeuki kuwa milki ya mkopeshaji kwa kupita siku.

Bei ya khiyari ni nini

Katika visiwa vyetu watu wamezowea kutofautisha bei mbili. Ya kwanza ni bei ya kukata, ambayo mtu huuza, akapokea thamani, na jambo likaisha. Ya pili ni bei ya khiyari, ambayo mtu "huuza" shamba lake kwa sharti kwamba akirejesha fedha ndani ya muda fulani, shamba linarudi kwake.

Tuchukue mfano kwa majina waliyoyazowea mafakihi, Zaidi na Amri. Zaidi ana shamba la mikarafuu ambalo likiuzwa sokoni linapata shilingi milioni 20. Ana mgonjwa wa kumpeleka bara na anahitaji milioni 4. Amri anampa milioni 4, na wanaandika kwamba Zaidi amemuuzia Amri shamba, na kwamba Zaidi akizirejesha milioni 4 kabla ya kumalizika miaka 2, shamba ni lake. Katika miaka hiyo Amri anachuma karafuu. Au Zaidi anabaki shambani mwake, lakini kila mwaka anamlipa Amri kodi ya shamba ambalo jana lilikuwa lake mwenyewe.

Ukiitazama picha hii vizuri utaona mambo matatu. Fedha alizopewa Zaidi hazikaribii thamani ya shamba. Amri hakutafuta shamba, alitafuta faida ya fedha zake. Na Zaidi hakutaka kuuza, alitaka kukopa. Kwa hiyo karafuu anazochuma Amri, au kodi anayolipwa, inakaa mahali pa riba.

Ilivyoingia kwetu

Muamala huu una historia ndefu hapa. Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu yalipoenea Unguja na Pemba, wenye mashamba wengi walikuwa na ardhi lakini hawakuwa na fedha taslimu. Karafuu haizai sawasawa kila mwaka, na gharama za kupalilia na kuchuma hazingoji. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na madeni yakazidi. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa mjini, wengi wao wenye asili ya India, na kwa vile riba ni haramu na makadhi wasingeihukumu, mkopo uliandikwa kwa sura ya bei ya khiyari pamoja na kodi.

Migogoro ilikuwa mikubwa mpaka serikali ya himaya ya Uingereza ikaingilia kati kwa sheria za mwaka 1934 zilizozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe bila ya idhini, na baadaye sheria ya mwaka 1938 ya kusuluhisha madeni ya mashamba. Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba sheria ya India ya mwaka 1882 ya uhamishaji wa mali, ambayo mfano wake ulifuatwa katika makoloni mengi ya Waingereza, imeihesabu bei ya sharti la kurejeshewa kuwa ni aina mojawapo ya rehani. Wanasheria wasiokuwa Waislamu nao waliona kwamba jina la bei limefunika mkopo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa kuwa mali ya umma, na wananchi wengi wakapewa eka tatu tatu. Mashamba makubwa yakapungua, lakini muamala wenyewe haukufa. Umehamia kwa watu wadogo: shamba la familia, kiwanja cha kujengea, au miti peke yake bila ya ardhi, kwani kwetu si ajabu mtu kumiliki minazi au mikarafuu iliyosimama katika ardhi ya mwengine. Wengine husema "nimeweka poni", wengine "nimemkodisha", wengine "nimemuuzia kwa muda". Hukumu yake haibadiliki kwa jina.

Wanavyuoni wamesema nini

Tunaeleza khitilafu ilivyo kwa uadilifu, kwa sababu baadhi ya watu husikia kauli moja wakadhani hakuna nyengine.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, khiyari ya sharti haizidi siku 3, kwa dalili ya hadithi ya Hibban bin Munqidh ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa khiyari ya siku 3 katika biashara zake. Kwa hiyo bei iliyowekewa ndani yake khiyari ya mwaka au miaka 3 haisihi. Hata hivyo, wanavyuoni wa Kishafi wa Hadhramaut walipasisha bei waliyoiita bei ya uhda, kwa sharti kwamba ahadi ya kurejesha iwe nje ya akdi yenyewe. Mufti wa Hadhramaut Sayyid Abdulrahman bin Muhammad al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, ameizungumza katika kitabu chake Bughyatul Mustarshidin. Wapo waliofuata kauli hiyo pwani yetu kutokana na mafungamano ya elimu baina yetu na Hadhramaut.

Wanavyuoni wa Kihanafi wa baadaye waliijuzisha bei ya wafaa kwa haja ya watu, na ikaingizwa katika Majalla ya dola ya Othmaniya. Lakini hata wao hawakuifanya bei kamili: mnunuzi haruhusiwi kuliuza shamba kwa mtu mwengine, na muuzaji ana haki ya kurejesha fedha na kuchukua mali yake. Wamaliki huiita bei ya thunya na wanaona imefisidika. Wahanbali nao hawaipitishi. Kwa upande wa wanavyuoni wa Kiibadhi, ambao makadhi wao walihukumu Zanzibar bega kwa bega na makadhi wa Kishafi, muda wa khiyari unaweza kurefuka, lakini wametahadharisha sana juu ya mtu ambaye hakukusudia kununua shamba bali amekusudia mazao yake.

Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah, lilitoa uamuzi nambari 66 kwamba hakika ya bei ya wafaa ni mkopo uliovuta manufaa, kwamba ni hila ya kuikimbilia riba, na kwamba walio wengi katika wanavyuoni hawaisihishi. Kauli hii ndiyo tunayoifuata na kuitolea fatwa. Msingi wake ni ile kanuni mashuhuri kwamba kinachozingatiwa katika mikataba ni makusudio na maana, si matamshi.

Mambo manne ya kushika

Ikishathibiti kwamba muamala ni rehani, hukumu zake ni hizi.

Kwanza, shamba ni la mwenye kuweka rehani. Mkopeshaji ana haki ya kulizuia lisiuzwe mpaka alipwe, basi.

Pili, mazao ni ya mwenye shamba. Imepokewa hadithi katika maana kwamba rehani haifungiki ikampotea mwenyewe: faida yake ni yake, na hasara yake ni juu yake. Ile hadithi aliyoipokea Bukhari, ya mnyama wa rehani kupandwa na kukamuliwa kwa malipo ya matumizi yake, inahusu mnyama anayekula kila siku. Haimpi mkopeshaji ruhusa ya kuchuma karafuu na kubaki anadai deni lote.

Tatu, sharti la kusema "nisipolipa siku fulani shamba ni lako" ni batili. Haya yalikuwa mazowea ya zama za ujahilia, na wanavyuoni wameeleza kwamba hadithi tuliyoitaja imekuja kuyaondoa.

Nne, mkopeshaji hadhulumiwi. Fedha zake ni deni juu ya shingo ya mdaiwa, na mwenye uwezo wa kulipa akachelewesha makusudi anapata dhambi. Muda ukifika na mdaiwa hana, Qur'ani katika Suratul Baqara aya ya 280 imeagiza asubiriwe mpaka apate wasaa. Akiwa anayo mali na hataki kulipa, mkopeshaji anakwenda mahakamani, shamba linauzwa kwa thamani yake ya haki, anachukua deni lake, na kinachobaki anarejeshewa mwenyewe. Katika mfano wetu, shamba likiuzwa milioni 20, Amri anachukua 4 zake na Zaidi anapewa 16. Angalia namna milioni 16 zinavyopotea pale watu wanapoamini kwamba muda ukipita shamba linahama.

Masuala yanayogombaniwa

Suala: Karatasi inasema ni bei. Muuzaji anasema ilikuwa rehani. Nani anasadikiwa?

Jawabu: Ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Karatasi ya bei ni hoja ya mnunuzi, kwa hivyo anayesema kinyume chake alete ushahidi. Lakini ushahidi si mashahidi wa macho peke yao. Kadhi na hakimu huangalia alama: Je, fedha zilikuwa ndogo mno kulinganisha na thamani ya shamba siku ile? Je, muuzaji alibaki shambani na kulipa kodi? Je, karatasi yenyewe imetaja muda wa kurejesha? Je, mnunuzi aliwahi kupokea sehemu ya fedha baada ya "bei"? Mtu aliyenunua kweli hapokei marejesho. Alama hizi zikikusanyika, zina uzito. Zisipokuwepo, na mnunuzi akaapa, basi ni bei, na anayejua kwamba ameapa uongo atalikuta shamba hilo shingoni mwake Siku ya Kiyama.

Suala: Mkopeshaji amekula mazao kwa miaka mingi. Je, yanahesabiwa?

Jawabu: Kwa kauli tunayoifuata, ndiyo. Mazao yanakadiriwa na watu wanaojua shamba lile, zinatolewa gharama za kupalilia, kuchuma na kuanika, na kilichobaki kinakatwa katika deni. Amri akiwa amepata katika misimu miwili milioni 3 baada ya gharama, deni lililobaki ni milioni 1. Yakiwa mazao yamelifikia deni lote, shamba linarudi bila ya kulipwa kitu, na kilichozidi kinarejeshwa.

Hata hivyo, mkopeshaji aliyefanya hivyo kwa kufuata fatwa ya mwanachuoni aliyeijuzisha bei ya uhda si sawa na aliyejua na akala. Kwa mtu wa aina ya kwanza tunapendekeza suluhu: yaliyopita wasameheane kadiri watakavyoridhiana, na kuanzia siku ya kubainikiwa asichukue tena zao. Suluhu baina ya Waislamu inajuzu maadamu haihalalishi haramu wala haiharamishi halali.

Suala: Baba alipokea shilingi laki mbili mwaka 1990. Leo mkopeshaji anakataa laki mbili, anasema hazinunui kitu.

Jawabu: Malalamiko yake yana sababu, na hili ndilo linalovunja suluhu nyingi. Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, uamuzi nambari 42, limekata kwamba deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani, na halifungamanishwi na kupanda kwa bei. Kwa hivyo hawezi kudai zaidi ya laki mbili kuwa ni haki yake. Lakini anayelipa amesuniwa afanye wema. Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yeye, na akasifu mwenye kulipa kwa uzuri. Familia inayokomboa shamba la mamilioni kwa laki mbili ijiulize kama ingeridhika kutendewa hivyo. Nyongeza ikitoka kwa hiari wakati wa kulipa, bila ya sharti la mwanzo, ni halali na ni ihsani. Na ikiwa mkopeshaji alikula mazao miaka yote hiyo, hilo nalo liwekwe mezani kabla ya kuzungumza kushuka kwa shilingi.

Suala: Aliyeweka rehani amefariki, na aliyekopesha amefariki. Je, haki ya kukomboa imekwisha?

Jawabu: Haikwisha. Warithi wa Zaidi wanarithi shamba likiwa limefungika na deni, na warithi wa Amri wanarithi deni, hawarithi shamba. Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imetanguliza deni na wasia kabla ya kugawa mirathi. Kwa hivyo jambo la mwanzo kwa warithi wa Zaidi ni kulilipa deni, ndipo wagawane. Na warithi wa Amri wasilitie shamba katika mirathi ya mzee wao, kwani anayerithi rehani kama milki anakula mali ya mwenziwe huku akidhani anakula ya baba yake.

Suala: Kaka mkubwa amekomboa shamba kwa fedha zake, sasa anasema ni lake peke yake.

Jawabu: Si lake peke yake. Kulipa deni hakuhamishi milki ya warithi wengine. Ndugu zake wa kiume na wa kike, mama yao na kila mrithi, wana mafungu yao kama yalivyokuwa. Alicholipa, kama alilipa kwa idhini yao, ana haki ya kudai kila mmoja amrejeshee kwa kadiri ya fungu lake. Kama alilipa bila ya kuwaambia, mafakihi wa Kishafi wanaona aliyelipa deni la mwenziwe bila ya idhini hana la kudai, lakini muruwa unataka ndugu zake wasimwachie mzigo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wanaopotelewa mara nyingi ni madada walioolewa mbali. Shamba likikombolewa huandikwa jina moja, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa la watu saba.

Suala: Mkopeshaji ameliuza shamba kwa mtu wa tatu, au amejenga juu yake.

Jawabu: Hawezi kuuza asichokimiliki. Kwa hukumu ya sharia mwenye shamba anabaki na haki yake ya kukomboa, na mtu wa tatu anamrudia aliyemuuzia kwa fedha zake. Ama kujenga na kupanda: aliyejenga kwa ruhusa ya mwenye shamba, au akidhani kwa dhati kwamba ni mali yake, halipotei jasho lake, wakadiriwe thamani ya jengo au miti na wasuluhishwe. Aliyejenga huku amekatazwa na anajua, huyo imepokewa hadithi katika maana kwamba mzizi wa dhuluma hauna haki. Katika mambo haya mawili sheria ya nchi inaangalia pia usajili na hati, kwa hivyo yasimalizwe barazani peke yake.

Wapi pa kupeleka mgogoro

Watu wengi huja kwa kadhi na kesi ya shamba, wakavunjika moyo wanapoambiwa si mahala pake. Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, ambayo sasa inaongozwa na Sheria nambari 9 ya 2017, inashughulika na ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Kwa hivyo kadhi anaweza kuwathibitisha warithi ni nani na mafungu yao ni mangapi. Mgogoro wa ardhi yenyewe unapelekwa Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria nambari 7 ya 1994. Mara nyingi familia inahitaji zote mbili: kwanza ithibitishe mirathi, kisha idai shamba.

Kabla ya huko kuna sulhu. Kaeni mbele ya sheha, imamu wa msikiti na wazee wawili watatu wanaokubaliwa na pande zote. Leteni karatasi yenyewe, si kivuli chake tu. Andikeni mlichokubaliana, mtie saini na mashahidi. Na msikae miaka mkingoja: madai ya ardhi yana ukomo wa muda katika sheria ya nchi, na mashahidi wanakufa. Haki yako mbele ya Allah haipotei, lakini njia ya kuithibitisha duniani inaweza kufungika.

Njia salama kwa anayehitaji fedha

Kukopa kwa rehani ni halali. Mtume (s.a.w.) alifariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana madeni na kushuhudisha, na inayofuatia imeitaja rehani. Basi anayekopa na aandike rehani kwa jina lake, na mkataba utaje haya:

1. Neno "mkopo" na neno "rehani" kwa uwazi. Lisiandikwe "nimemuuzia" hata kwa mzaha.
2. Kiasi cha fedha, kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kulipa.
3. Shamba lenyewe: mahala, mipaka yake minne na majirani, idadi ya miti, na kama rehani ni ya ardhi na miti au miti peke yake.
4. Nani atakaa shambani, na kwamba mazao ni ya mwenyewe. Mkopeshaji akichuma, basi thamani yake inakatwa katika deni.
5. Muda ukipita bila ya malipo, shamba litauzwa kwa njia ya sheria, na kinachozidi kitarejeshwa.
6. Mashahidi wawili waadilifu wa pande zote, na nakala kwa kila upande. Mke au mume na watoto wakubwa wajulishwe, kwani wao ndio watakaobaki na karatasi hiyo.

Mjue pia kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu anamiliki haki ya kuitumia kwa mujibu wa Sheria ya ardhi nambari 12 ya 1992, na eka tatu za serikali zina masharti yake maalumu. Aulizeni Kamisheni ya Ardhi kabla ya kuweka chochote rehani. Ama ardhi ya wakfu haiuzwi wala haiwekwi rehani kabisa.

Anayesema, "Hakuna atakayenikopesha bila ya faida," tunamwambia ziko njia nyengine. Auze sehemu ya shamba kwa bei ya kukata na abaki na nyengine. Akodishe ardhi tupu ya kulima kwa kodi maalumu na muda maalumu, akachukua kodi ya miaka 2 mbele. Au afanye bei ya salam, akapokea fedha leo kwa mazao yanayojulikana kipimo, aina na siku ya kukabidhi, kama mpunga au mbaazi. Kwa karafuu asifanye salam na mtu binafsi, kwa sababu kwa sheria ya nchi mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Na asiuze "karafuu za miaka mitatu ijayo" ambazo hazijachomoza juu ya mti, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza mazao ya miaka inayokuja.

Nasaha kwa pande zote

Kwa mwenye shamba lililo mikononi mwa mwengine: tafuta karatasi leo, uliza wazee walio hai, andika majina yao na waliyoyasema. Ukiwa na uwezo, lipa, wala usingoje shilingi ishuke zaidi ili ulipe kwa wepesi.

Kwa anayelishika shamba la watu: akija mwenyewe au mwanawe na fedha mkononi, usimwambie muda umepita. Pokea haki yako, hesabuni mazao, na umkabidhi shamba lake mbele ya mashahidi. Ukiwa umelirithi na huna uhakika, ulizia kabla ya kugawa na kabla ya kujenga. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kudhulumu ardhi kiasi cha shubiri moja atavishwa shingoni mwake kutoka ardhi saba. Na shamba la eka tatu lina shubiri nyingi.

Tunamuomba Allah azisafishe mali zetu, awalipie wenye madeni madeni yao, na aziunganishe nyoyo za familia zilizotengana kwa ajili ya mikarafuu na minazi. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.